Mwili hausikii "usiwaze sana"

Asubuhi moja nilipimwa presha mara mbili katika zahanati moja hapa Tanga, nikatoka na majibu ya watu wawili. Mtu wa kwanza alikuwa na 158 kwa 96. Nilikuwa nimekanyaga baiskeli kutoka Mabawa, jua limeshachachamaa, nimechelewa foleni, na simu mfukoni inatetemeka kila baada ya dakika mbili. Wa mkopo hao. Muuguzi, mama wa makamo, aliitazama ile namba, akanitazama na mimi, akafungua mkanda.

"Mwanangu, umekuja mbio?"

"Nimekuja na baiskeli, mama."

"Na simu hiyo nayo inakuja na nani? Hebu izime. Kaa pale, egemea kiti, miguu usikunje nne, usiongee na mtu. Nitakuita."

Nikakaa chini ya pangaboi lililokuwa likizunguka kama limelazimishwa, nikawa nahesabu mizunguko yake kwa kukosa la kufanya. Dakika kama saba hivi. Alipofunga mkanda tena, mashine ikasoma 134 kwa 84. Sikuwa nimemeza kidonge, na deni halikuwa limepungua hata shilingi. Nikamuuliza ipi ndiyo presha yangu.

"Zote zako," akasema. "Ila ile ya kwanza ni ya baiskeli na ya simu. Rudi Alhamisi tupime tena, kipimo kimoja hakimpi mtu ugonjwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuulizauliza kilichotokea katika zile dakika saba, maana humo ndimo ilimo habari yote ya kutuliza msongo wa mawazo, na naona wengi wetu tumeielewa nusu.

Lawama kidogo nailaza kwenye jina lenyewe. Msongo ni neno zuri. Linatokana na kusonga, kitenzi kile kile cha ugali: kitu kimebanwa ukingoni mwa sufuria, kinageuzwa, hakina pa kukimbilia. Tatizo ni hayo mawazo yaliyofungwa mkiani mwake. Ukiambiwa shida yako ni mawazo, dawa inayokuja yenyewe ni kuyaacha, na ndivyo tunavyoambiana kila siku: usiwaze sana, acha mawazo, mawazo yatakuua. Nani aliyewahi kuacha kuwaza kwa kuambiwa? Jaribu kutolifikiria deni kwa dakika moja tu, uone litakavyokujia na riba zake.

Maneno ya mtaani yana shabaha zaidi. Anayesubiri matokeo ya mtihani ana tumbo joto. Mwenye mgonjwa wodini roho iko juu. Aliyepigiwa simu usiku wa manane moyo unamwenda mbio. Hapo hakuna linalotaja mawazo, yote yanazungumzia mwili. Na jambo likipita salama tunasema nini? Nikashusha pumzi. Kupumzika kwenyewe kumezaliwa na pumzi. Waliolitunga neno hilo hawakuwa na mashine ya presha, na bado waliweka kidole mahali penyewe.

Mwili unavyofanya kazi hapo, Tanga ina kisa chake cha kuelezea. Novemba 1914, kikosi cha Uingereza kutoka India, askari wapatao 8,000, kilishuka hapa kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, ambao walikuwa na askari takriban elfu moja chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Risasi zilipokuwa zikilia vichakani, nyuki wakachokozeka, wakawavamia askari. Waliumwa wa pande zote mbili, ingawa walioshindwa vita ni wale waliokuja na meli, nao walirudi melini wakiacha nyuma shehena ya bunduki na risasi.

Mfikirie askari mmoja mle ndani, nyuki wamemzunguka kichwa. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo inapeleka habari kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ndani ya sekunde chache tezi zinamwaga adrenalini. Moyo unaongeza mapigo, ini linaachia sukari, damu inapunguzwa tumboni ipelekwe miguuni, pumzi inakuwa fupi, taya na mabega yanakaza. Nyuma yake inafuata kortisoli, kazi yake ikiwa kuhakikisha sukari haikatiki mapema. Hilo ndilo tumbo joto, na hiyo ndiyo roho juu. Askari ameandaliwa kwa mambo mawili tu, kupigana au kukimbia, na nyuki hapigwi bunduki.

Mwaka mmoja baadaye, 1915, mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Cannon, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwa maandishi matayarisho hayo ya mwili ya kupigana au kukimbia. Aliyeonyesha upande wake mbaya ni Hans Selye, aliyekuwa Montreal, Kanada. Mwaka 1936 aliandika kwamba panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa sumu, wote waliishia na dalili zile zile: tezi za juu ya figo zimevimba, tumbo lina vidonda. Namna ya kusumbuliwa ilikuwa tofauti, mwili ukajibu kwa njia moja.

Hapo ndipo penye fundo. Nyuki wa 1914 walikuwa na mwisho. Unakimbia, wanakuacha, unaanguka chini ya mwembe unahema, sukari uliyoachiliwa umeshaitumia, na kuhema kule kunaurudisha mwili mahali pake. Ujumbe wa mkopo hauna hata kimoja kati ya hivyo. Umeusoma umekaa kwenye kiti, hukukimbia popote, hukuhema, na kesho utakuja mwingine. Ada ya Januari ni hivyo hivyo, mwenye nyumba naye ni hivyo hivyo. Tezi zinamwaga kana kwamba nyuki wapo, kisha hakuna anayeziambia kwamba wameondoka. Adrenalini yenyewe haidumu, huisha kwenye damu kwa dakika chache, lakini kortisoli inaweza kukaa saa nzima na zaidi. Ndiyo sababu mtu akishagombana na mwenzake asubuhi, wakapatana hapo hapo, bado anafika kazini mwili haujatulia. Amesamehe kwa moyo, damu bado.

Basi nikiulizwa kutuliza msongo ni nini, nitasema ni kuupa mwili habari kwamba nyuki wameondoka, kwa lugha unayoielewa. Na mwili hauelewi Kiswahili.

Unaelewa pumzi. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo, wala tumbo kuliamuru litulie, lakini pumzi inakwenda yenyewe na pia unaweza kuishika usukani. Kinachoiunganisha na moyo ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka chini ya ubongo kupitia shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Kazi yake moyoni ni breki. Namna breki hiyo inavyoshika iligunduliwa na Otto Loewi huko Graz, Austria, mwaka 1921, na mwenyewe alisimulia kwamba jaribio hilo aliliota. Usiku wa kwanza aliamka akaliandika, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. (Nani hajawahi?) Usiku wa pili ndoto ikarudi, safari hii akaenda maabara moja kwa moja. Alichukua mioyo miwili ya chura, akausisimua mshipa wa vagasi wa moyo mmoja mpaka ukapunguza mapigo, kisha maji yaliyouzunguka moyo huo akayahamishia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, bila kuguswa mshipa wowote. Breki ilikuwa kemikali, asetilikolini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, mwaka ule ule Selye alioandika habari za panya wake.

Unaweza kuishuhudia breki hiyo sasa hivi bila chura. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi polepole usikilize: mapigo yanakaribiana. Itoe polepole zaidi: yanaachana. Kwa vijana tofauti hiyo iko wazi, kwa watu wazima inabidi utulie kidogo kuisikia. Kila unapotoa pumzi, breki inashika. Ukiirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, breki inashika muda mrefu zaidi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tano. Ni hilo tu, na unaweza kulifanya kwenye daladala bila jirani kujua.

Wengi hukosea hapa. Wakiambiwa "vuta pumzi" wanavuta kifua kizima kama wanataka kupiga mbizi Raskazone, mara kumi mfululizo, kisha wanalalamika kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Hewa chafu ikitolewa kupita kiasi damu inakosa uwiano wake, na mwili unaona hatari mpya. Pumzi ya kutuliza ni ndogo na ya polepole, na kinachotafutwa ni kule kuitoa. Mzee akijishusha barazani na kusema "haaah" ndefu ameshafanya nusu ya kazi.

Ndiyo maana mimi naamini kuimba, hata kwa sauti mbaya. Mstari wa wimbo ni pumzi ndefu ya kutoka iliyovalishwa maneno. Nimelelewa na shangazi ambaye hakuni nazi bila wimbo. Hukaa juu ya mbuzi, kifuu kimezama viganjani, anakizungusha robo kwa robo, machicha yanadondoka kwenye sinia meupe kama chumvi, naye anavuta mstari mmoja wa taarabu mpaka pumzi ikate, hapo mikono nayo inasita. Anavuta hewa. Anaendelea. Huu ni mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, kwa hiyo nyimbo hazijawahi kumwishia. Nikiwa mdogo nilidhani anaimba kwa sababu ana furaha. Baadaye nikaja kuelewa kwamba sauti ilikuwa inapanda zaidi siku zile mjomba alipokuwa hajarudi na hela. Wanaosoma kasida, wanaoimba kwaya na wanaovuta uradi wana sababu zao kubwa kuliko hizi, ila pumzi inayowatoka ni ile ile ndefu.

Kazi ya mikono inayojirudia ina faida nyingine juu ya hiyo. Kusuka ukili, kuchambua mchele kwenye ungo, kuparuza samaki: mikono inajua njia, macho yana pa kutua, na kichwa kinabakiwa na nafasi ndogo ya kusaga lile jambo moja. Bao ni hivyo hivyo. Mashimo 32, kete 64, ukisahau hesabu umeliwa, na huwezi kuhesabu kete na riba kwa wakati mmoja. Sharti ni kwamba usiwe mtu wa kukasirika ukifungwa. Ninao wawili wa aina hiyo, wangekuwa na afya bora wakibaki watazamaji.

Misuli nayo inasikia. Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, tangu miaka ya 1920 alifundisha watu kukaza kundi moja la misuli kisha kuliachia, akianza na mkono, akaenda kwa mwingine, hadi uso na miguu. Wazo lake ni kwamba mtu aliyekaza mabega wiki nzima hajui tena kama yamekaza. Kunja ngumi kwa nguvu sekunde tano hivi, kisha iachie ghafla, uisikilize inavyolegea. Panda kwenye bega. Halafu taya, na hapo ndipo wengi tunashtuka, maana meno yalikuwa yameumana tangu asubuhi.

Sasa baiskeli. Msomaji makini ameshauliza: kama baiskeli ndiyo iliyonipandishia presha, mbona watu wanasema mazoezi yanaituliza? Vyote viwili ni kweli, ila kwa saa tofauti. Unapokanyaga, presha hupanda kwa sababu misuli inadai damu. Ukishashuka ukapumzika, mishipa inabaki imelegea, na presha inaweza kushuka chini ya pale ulipoanzia na kukaa hivyo kwa saa kadhaa. Kwa upande wa msongo kuna ziada: ile sukari iliyoachiliwa kwa ajili ya kuwakimbia nyuki hatimaye imepata pa kwenda, na kuhema baada ya mlima ni mwisho ambao ujumbe wa mkopo haukukupa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa mtu wa Tanga anayekwenda na kurudi kazini kwa baiskeli, robo saa kwenda na robo saa kurudi, siku tano zinatosha kuikamilisha hesabu hiyo. Watu wa mikoa mingine hutucheka kwa baiskeli zetu. Wacheke tu.

Baraza ndiyo kesi ngumu, na naileta kwa sababu naipenda. Jioni, baada ya isha, kibarazani Ngamiani, muuza kahawa anakuja anagonganisha vikombe mkononi, birika limekalia mkaa wake, kashata kwenye sahani. Watu sita, mazungumzo ya timu zetu za mpira, Coastal na African Sports, kisha mmoja anataja kwamba mwanawe amefukuzwa shule kwa ada, na wawili wengine wanasema hata wa kwao. Hilo la mwisho ni tiba. Mtu anayejua kwamba shida yake si aibu yake peke yake analegea mbele ya macho yako, mabega yanateremka. Sina ushauri wa kuboresha baraza.

Kikombe ndicho chenye kesi. Uchovu wa kutwa unajikusanya kwenye ubongo kwa njia ya kemikali iitwayo adenosini, nayo ndiyo inayotwambia sasa lala. Kafeini inakaa kwenye kiti cha adenosini na kuizuia isikae. Hakuna uchovu uliotolewa, umefichwa tu mlangoni. Na kafeini haiondoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kama saa tano kupungua nusu. Vikombe vinne vya saa mbili unusu usiku, nusu yake iko nawe saa saba unusu usiku, unageuka ubavu, unahesabu madeni. Asubuhi unasema una msongo. Huenda una kahawa. Kwa hiyo baraza tuibakishe, na baada ya magharibi tangawizi inakaa vizuri kwenye kikombe kile kile. Muuza kahawa wetu alinitazama kama niliyemtukana mama yake nilipoiomba, lakini sasa anabeba birika la pili.

Kuna mapumziko yanayojiita mapumziko tu. Simu kitandani ni la kwanza: habari ya ajali, picha ya nyumba ya mtu uliyesoma naye, na mwanga usoni unaouambia ubongo kwamba bado mchana. Pombe hulaza haraka kisha huvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku. Mirungi, mbali na kwamba ni marufuku kisheria nchini, inausukuma moyo kule kule ilikokuwa ikiusukuma adrenalini. Kuoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala kunashinda vyote hivyo: damu inakuja kwenye ngozi, joto linatoka, na mwili unaopoa ndio unaopata usingizi. Kwa joto letu la Februari, mwenye feni aiwashe baada ya kuoga.

Lakini kupumua hakulipi deni. Nasema hivi kwa sababu nimechoka na ushauri unaomwambia mama wa mikopo mitano ya kausha damu anuse maua. Nyuki wengine ni wa kweli na wapo bado mtini. Faida ya zile dakika tano ni kwamba mwili ukishatulia, kichwa kinarudi kufanya hesabu, maana katika kukimbia nyuki hakuna anayepanga bajeti. Mimi nilichofanya baada ya ile Alhamisi ni kuchukua karatasi, kuandika kila ninayemdai na kila anayenidai, kiasi na tarehe, kisha kumfuata yule wa riba kubwa kuliko wote na kumwomba tugawe malipo. Alikataa. Wa pili alikubali. Usiku ule nililala, ingawa jumla ya deni ilikuwa ile ile, nadhani kwa sababu lilikuwa limekaa kwenye karatasi na halikuhitaji tena mimi nilishikilie kichwani.

Na kuna hali ambazo si za baraza wala za kuhesabu pumzi. Huzuni isiyoondoka, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, ikipita wiki mbili mfululizo pamoja na usingizi na hamu ya kula kuvurugika, inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Mtu akianza kusema bora afe, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au kwenye taya yasisubiri mtu atulie. Halafu presha yenyewe: tumezoea kusema "nina presha" kwa maana ya hofu, lakini presha ya ugonjwa mara nyingi haina dalili yoyote, na mtulivu kuliko wote mtaani anaweza kuwa nayo. Hiyo haionekani kwa macho, ni ya kupimwa.

Ukienda kupima, iwe zahanati ya jirani au hospitali ya Bombo, fika mapema ukae dakika tano kabla ya mkanda, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, haja ndogo umeshamaliza, simu umeizima. Kahawa usiiguse kwa nusu saa kabla, hata kama yule wa vikombe amekusubiri pale getini.